Sura ya Sita: Uwanja Mmoja, Ngoma Mbili

Ukitoka Buswelu, Mwanza, ukapita Nyamhongolo na kuishika barabara ya Musoma, hauchukui muda kufika Kisesa, na juu ya kilima cha mawe kilicho karibu na hapo ndipo ilipo Bujora yenye makumbusho ya Wasukuma. Wakazi wengi wa Ilemela wamepita njia hiyo mara nyingi wakielekea Magu au Bunda, na hawajawahi kukata kona kupanda kilimani. Wanapita shule. Siku hizi popote wanamuziki wanapokutana, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, utasikia habari za vikundi vya kisasa vinavyoshirikiana na watunzi, wachongaji, wachoraji, wachezaji na mafundi wa video katika kazi moja, na habari hizo husimuliwa kama kitu kigeni kilichoteremshwa bandarini. Anayetaka kujua kazi ya namna hiyo inasimama vipi, na kwa nini mara nyingi inaanguka, aanzie hapa, kwa Wagika na Wagalu.

Hao ni vyama viwili vya ngoma vilivyoigawa Usukuma tangu karne ya 19. Kwa simulizi za wazee, waanzilishi wake, Ngika na Gumha, walikuwa watu wa ngoma na watu wa dawa kwa pamoja. Kila mmoja alijiona zaidi ya mwenzake, na ubishi wao ukakosa hakimu mpaka ulipopelekwa uwanjani. Wafuasi wa Ngika ndio Wagika, na wa Gumha ndio Wagalu. Tangu hapo vikundi vingi vya ngoma Usukumani, viwe vya wakulima au vya wacheza nyoka, huwa vimeegemea upande mmoja au mwingine.

Mashindano hufanyika baada ya mavuno, ghala zikiwa na kitu na jembe likiwa limepumzika. Kanuni yake ni moja, na kila ninapoitafakari naona uzito wake unaongezeka. Vikundi viwili husimama kwenye uwanja mmoja na kupiga kwa wakati mmoja. Hakuna zamu. Mshindi ni yule aliyejaza watu upande wake, na watu wenyewe wako huru kuhama: wanasimama hapa, wakisikia kelele za furaha kule wanakwenda kule, wakichoka wanarudi. Umati unatembea katikati ya ngoma mbili mchana kutwa, na kila mpigaji anauona kwa macho yake ukija au ukimkimbia.

Sasa mfikirie mtunzi anayetunga kwa ajili ya uwanja kama huo. Hatasikilizwa katika ukimya hata kwa dakika moja. Wimbo wake utapambana na wimbo mwingine uliotungwa makusudi kuufunika. Kwa hiyo mstari wake lazima uwe mfupi na wenye ncha, kiitikio kishikwe na mtu aliyekisikia mara moja tu, na habari iliyomo iwe mpya kiasi cha kumfanya mtu ageuze shingo. Wimbo wa mwaka jana haufai, kwa sababu wapinzani wanaujua na wamekwisha kutunga majibu. Manju, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, hutunga upya kila msimu, na kikundi huufanyia mazoezi mbali na masikio ya watu. Frank Gunderson, mtafiti wa Kimarekani aliyeishi Usukumani na kuandika kitabu kikubwa juu ya nyimbo za kazi kilichotoka mwaka 2010, alikusanya zaidi ya nyimbo 300. Ukizipitia unaona jinsi zinavyobeba mambo ya wakati wake: njaa, pamba, vita, siasa, majina ya watu na vijiji. Watunzi hawa walikuwa wa kisasa kwa maana kamili ya neno. Walitunga juu ya mwaka waliokuwa wakiishi.

Wimbo peke yake hautoshi, na hapo ndipo fani nyingine zinapoingia. Kikundi kinaleta mganga, maana inaaminika iko dawa ya kuvuta watu na iko ya kuwazubaisha wapinzani. Kinaleta mtu wa nyoka, na chatu akitolewa kwenye kikapu umati hauulizi mara mbili. Kinaleta mchongaji. Sanamu za mbao za Kisukuma, nyingine zikiwa na mikono inayochezeshwa, zilichongwa ziinuliwe juu ya vichwa vya watu katikati ya ngoma, na kazi yake ilikuwa kuonekana kwa mbali wakati upande wa pili umeanza kujaa. Baadhi yake leo zimo katika makumbusho na mikusanyo ya Ulaya na Marekani, zimesimama peke yake ndani ya vioo, zikitajwa kama sanaa ya uchongaji. Ni kweli ni uchongaji. Lakini sanamu hizo ni nusu ya kazi iliyokuwa na sauti, na nusu ile nyingine haikupakiwa kwenye sanduku.

Kati ya ngoma za Kisukuma, bugobogobo ndiyo inayojulikana zaidi, maana hata Buswelu leo hukodiwa kwenye harusi na mikutano. Ilianzia shambani. Vijana walilima kwa makundi, mpigaji akiwa amesimama nyuma yao, na mapigo ya ngoma ndiyo yaliyopanga jembe linainuka lini na linashuka lini. Mtazame mchezaji mmoja tu, usitazame kundi zima. Ameshika jembe la kweli, chuma na mpini. Analizungusha kiganjani, analirusha juu ya kichwa, linajigeuza hewani, na mpini unarudi mkononi sawasawa na pigo la ngoma kubwa. Likichelewa kidogo tu, wenzake kumi wameshainama na yeye amebaki wima. Hapo muziki umekuwa kitu cha kudaka. Mtunzi aliyetunga pigo hilo alijua uzito wa jembe. Hakulitunga chumbani kisha akamtafuta mchezaji wa kulipamba. Aliutungia mkono uliokuwa tayari umeshika mpini.

Nalisisitiza hili kwa sababu iko njia nyingine, inayoheshimika sana duniani. Mtunzi wa Kimarekani John Cage na mcheza densi Merce Cunningham, ambaye kundi lake lilianzishwa mwaka 1953, waliamua kwamba muziki na densi vitengenezwe kila kimoja kivyake. Vingekutana jukwaani, wakati mwingine kwa mara ya kwanza siku ya onyesho lenyewe. Mchoraji Robert Rauschenberg naye aliandaa mandhari na mavazi kwa uhuru uleule. Walitaka fani mbili ziwe karibu na kila moja ibaki na mamlaka yake, na matunda yake yalikuwa makubwa. Ninawaheshimu. Lakini vikundi vingi vinavyowaiga vimechukua utengano na kuacha nidhamu, hadi neno ushirikiano limekuja kumaanisha kwamba mtunzi anatuma faili kwa barua pepe, mchoraji anatuma picha zake, na wapiga ngoma wanaambiwa waingie dakika ya nne. Mbele ya Wagalu kazi ya namna hiyo isingemaliza wimbo mmoja ikiwa na watu.

Bujora yenyewe ni matokeo ya kushirikiana. Padre David Clement, mmisionari kutoka Quebec nchini Kanada, alianza kazi hapo mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati ambapo ngoma katika makanisa mengi zilihesabiwa kuwa za shetani. Yeye alizikaribisha. Kanisa lilijengwa kwa umbo la duara kama nyumba ya Kisukuma, alama za utemi zikaingia kwenye madhabahu, na maandamano ya sikukuu ya Ekaristi yakakua hadi kuwa Bulabo, tamasha la mwezi Juni ambalo Wagika na Wagalu hukutana na kushindana. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1968. Yamo mabanda ya ngoma za watemi na banda la vyama vya ngoma, na ninamwomba kila mwanamuziki anayefika Mwanza asitosheke na picha za Jiwe la Bismarck. Apande Bujora aone ngoma zilizotengenezwa na watu waliojua kwa nini hii ina tumbo pana na ile ina shingo ndefu.

Upande wa kaskazini wa Ziwa Victoria, Kampala, jambo linalofanana na hili lilitokea ndani ya Makumbusho ya Uganda. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wake, aliona kwamba ala iliyonyamaza ni mbao tu, akawaleta wanamuziki wapige ala hizo mbele ya wageni. Mmoja wao alikuwa Evaristo Muyinda, mpigaji wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Muyinda alifanya kitu ambacho wazee wa ikulu wasingekiruhusu: alichanganya katika kundi moja ala ambazo kwa desturi kila moja ilikuwa na wapigaji wake na nafasi yake. Mei 1966 jeshi la serikali ya Obote lilipoishambulia ikulu ya Mengo na Kabaka Mutesa wa Pili kukimbilia uhamishoni, wapigaji wa ikulu walitawanyika na ala nyingi zikapotea. Yaliyosalia yalisalia kwa kiasi kikubwa kwa sababu Muyinda na wachache wenzake walikuwa wamekwisha kuwafundisha watu wa nje.

Ni vizuri kujua walichofundisha. Marimba ya amadinda ina vibao 12 na wapigaji watatu. Wa kwanza anapiga mstari wake kwa mwendo ulio sawa. Wa pili anaweka mapigo yake katikati kabisa ya mapigo ya mwenzake, kwenye zile nafasi zilizo wazi, na mwendo unakuwa maradufu. Wa tatu anasikiliza vibao viwili tu vya chini na kuvirudia juu. Msikilizaji anasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja kati ya watatu anayeupiga. Umetokea kati yao.

Mtunzi Justinian Tamusuza, mzaliwa wa Uganda mwaka 1951, aliichukua akili hiyo na kuipeleka kwenye vayolini mbili, viola na chelo. Kazi yake ya Mu Kkubo Ery'Omusaalaba ilitungwa kwa ala hizo nne, na sehemu yake ya kwanza ilirekodiwa na Kronos Quartet wa San Francisco katika albamu ya Pieces of Africa ya mwaka 1992. Kronos ndio mfano unaotajwa sana wa kikundi cha kisasa kinachoishi kwa kuagiza kazi mpya kwa watunzi. Tangu walipoanza mwaka 1973 wameagiza mamia, na katika albamu hiyo watunzi wote walikuwa Waafrika, wakiwamo Dumisani Maraire wa Zimbabwe na Hamza El Din, Mnubi. Kilichonivutia kwa Tamusuza ni kwamba hakuziomba vayolini zijifanye marimba. Aliwapa wapigaji wa Kimarekani tatizo la amadinda, lile la kuweka pigo lako ndani ya nafasi ya mwenzako, na kila mmoja akalazimika kumsikiliza jirani yake kwa namna ambayo mpigaji wa Buganda analazimika. Ngoma ilisafiri bila ngozi yake, na bado ilikuwa ngoma.

Tanzania mfano mkubwa ni Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyeitwa na Mwalimu Nyerere Dar es Salaam na baadaye akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981. Mwaka 2002, pamoja na Mkanada Michael Brook, alitoa albamu ya Assembly, ambamo ala zake za ilimba na zeze zinakutana na gitaa na mashine za studio. Zawose alifariki Desemba 2003. Wapo wanaoilaumu Assembly kwamba imemfunika mzee kwa mitambo, na wapo wanaoisifu kupita kiasi. Mimi naisikia hivi: pale Brook anapoacha nafasi, sauti ya Zawose inapanda kutoka kifuani hadi juu kabisa na mashine zinageuka kuwa uwanda wa Dodoma wenye upepo. Pale Brook anapojaza kila pengo, ilimba inakuwa pambo. Hali hizo mbili zimo ndani ya albamu moja, na mwanafunzi wa utunzi angeweza kukaa nayo muhula mzima.

Zaidi ya miaka 20 baadaye familia hiyohiyo ilitoa funzo jingine. Pendo Zawose, binti yake, na Leah, mjukuu wake, walitoa albamu yao Maisha mwaka 2024 kwa jina la The Zawose Queens. Wanawake hao walikuwa wameimba nyuma ya wanaume miaka mingi, wakiitikia na kupiga ngoma za muheme. Safari hii wakasimama mbele, wakatunga wenyewe, na kupiga ala ambazo katika familia zilihesabiwa kuwa za wanaume. Wageni waliofanya nao kazi studio walileta vyombo vyao, lakini mlango ulifunguliwa kutoka ndani ya nyumba. Ningependa kuona manju wa kike wa Kisukuma akipewa nafasi kama hiyo, maana katika ngoma nilizohudhuria upande wetu, mama akisifiwa kwa sauti basi ujue ameitikia, hakuanzisha.

Wapo pia waliojaribu kuliunganisha ziwa lote na mto wake. Mwaka 2011 Mina Girgis, Mmisri, na mwimbaji Meklit Hadero, mzaliwa wa Ethiopia, walianzisha Nile Project. Waliwakusanya wanamuziki kutoka nchi za bonde la mto Nile, wakawaweka pamoja Aswan mwanzoni mwa 2013 watunge upya, kisha wakarekodi onyesho lao na kuliita Aswan. Albamu ya pili, ya mwaka 2017, iliitwa Jinja, kwa jina la mji ambako maji ya ziwa letu yanaingia mtoni. Nia yao ilikuwa kubwa kuliko muziki. Serikali za bonde hilo zilikuwa zikigombania maji, na waanzilishi waliamini kwamba watu wanaoweza kusikilizana kwenye wimbo wanaweza kuanza kusikilizana kuhusu mto.

Ugumu ulikuwa kwenye masikio. Mizani ya sauti ya Mmisri ina noti ambazo hazimo kwenye adungu, kinubi cha Uganda, na mizani ya Kiethiopia ina mirukio yake. Mtu mmoja akisema umekosea sauti, mwenzake kwa haki kabisa anasema wewe ndiye umekosea. Walikaa wakafundishana, kila mmoja akajifunza kusikia kitu ambacho jana alikiita kosa. Kazi hiyo haifanyiki kwa siku mbili za warsha zenye chai na vitafunwa, na hapa ndipo fedha za wafadhili zinapokosea mara nyingi: zinalipia onyesho na haziulipii muda wa kusikilizana.

Muda ndio ninaouombea Buswelu. Makao ya Manispaa ya Ilemela yako hapa, mji unakua kila mwaka, na ndani ya mwendo mfupi vipo vitu ambavyo kikundi cha kisasa mahali pengine kingevitafuta kwa ndege. Wapo wapiga bugobogobo. Igombe na Kayenze wapo mafundi wanaounda mitumbwi kwa mikono, wanaojua mbao gani inalia na ipi iko bubu. Wapo wachomeleaji kando ya barabara, wanaokata chuma mchana kutwa. Wapo vijana wenye studio katika chumba kimoja cha kupanga, wanaotengeneza midundo kwa kompyuta na kuuza nyimbo kwa simu. Mafundi hawa hawajawahi kuitwa meza moja na manju.

Kabla ya kuitwa, jambo la haki lizungumzwe wazi. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki namba 7 ya mwaka 1999, na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ipo kwa ajili ya kusajili kazi na kusimamia haki hizo. Hata hivyo manju aliyetunga wimbo kichwani, akaufundisha kwa mdomo, hujikuta kwenye jalada la albamu ameandikwa kama ngoma ya asili, kana kwamba wimbo uliota kama majani. Mtunzi aliyeongeza vayolini ndiye anayetajwa kwa jina. Nimeliona hili likivunja urafiki wa watu waliopendana. Dawa yake ni rahisi na haigharimu kitu: siku ya kwanza ya mazoezi, kabla ngoma haijakaangwa motoni ikaze ngozi, karatasi iandikwe nani ametunga maneno, nani ametunga mapigo, nani amechonga, na kila mmoja anapata fungu gani kazi ikiuzwa. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi wake.

Kisha mtunzi mgeni asije Juni kwenye sherehe. Aje wakati wa kulima, mvua zikiwa zimeanza, akae nyuma ya wakulima pamoja na mpigaji hadi aone mwenyewe kwa nini pigo linachelewa ardhi ikiwa ngumu. Mchongaji awepo tangu mstari wa kwanza unapotungwa, ili sanamu ijue itainuliwa kwenye neno gani. Kijana wa studio aje na vipaza sauti vyake, lakini ajifunze kwanza kutambua ngoma ipi inaongoza. Na kazi ikikamilika, onyesho la kwanza lisifanyike ukumbini kwenye viti vya kukodi, ambako watu hukaa hadi mwisho kwa adabu. Lipelekwe uwanjani baada ya mavuno, upande wa pili wapewe Wagika au Wagalu, wote waanze pamoja, na watu waachwe watembee. Saa moja ikipita na bado wapo waliosimama upande wa kazi hiyo mpya, hapo itafutwe nauli ya kwenda Dar es Salaam.